GIMP 3.0 katika kazi ya kuhamisha nywele kwenye picha za watu: tathmini kutoka Mwanga, Kigoma

Studio nyingi za picha hapa Mwanga, Kigoma Mjini, ziko jirani na saluni, na ujirani huo umezaa kazi ambayo zamani haikuwepo: mteja anataka kuona nywele za picha moja zikiwa juu ya kichwa cha picha nyingine kabla hajakaa kwenye kiti cha msusi. Bibi harusi mtarajiwa anataka kujua kama twende kilioni itampendeza kwenye sendofu kuliko wigi alilokwisha kununua. Mwenye saluni anataka bango lenye sura moja na mitindo kadhaa. Familia inaleta picha ya marehemu babu yao ambayo sehemu ya utosi imeliwa na unyevu, na inaomba nywele zichukuliwe kwenye picha yake nyingine iliyosalimika. Tathmini hii inaipima programu ya kuhariri picha ya GIMP, toleo la 3.0 lililotoka Machi 2025, kwa kazi hiyo moja tu ya kuteua nywele, kuzikata na kuzipandikiza kwenye kichwa kingine.

GIMP si programu mpya. Spencer Kimball na Peter Mattis walianza kuiandika mwaka 1995 wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na hadi leo hutolewa bila malipo kwa watumiaji wa Windows, macOS na Linux. Kwa studio ndogo jambo hilo lina uzito mkubwa, kwa sababu tangu mwaka 2013 Photoshop, programu ya kulipia ya kampuni ya Adobe inayofanya kazi kama hiyo, imeelekezwa kwenye malipo ya kila mwezi au kila mwaka, na studio ambayo msimu wa harusi ukipita hubaki na picha za pasipoti pekee haiwezi kuwa na uhakika wa malipo hayo. Aidha, ukishaipakua GIMP, ambayo ni kifurushi cha megabaiti mia kadhaa, haihitaji bando tena, na picha ya mteja haitoki ndani ya kompyuta yako. Zipo programu za simu zinazobadilisha nywele kwa kugusa mara moja, nazo ni za haraka kweli, lakini nyingi huipeleka picha kwenye seva ya mbali, na kinachorudi ni nywele zilizobuniwa: misuko inayoungana katikati ya kichwa, rasta zinazoanzia pasipo na ngozi. Msusi akionyeshwa picha ya namna hiyo hawezi kuisuka, na mteja ataona amedanganywa. Kuhamisha nywele halisi kutoka picha halisi kuna faida kwamba kilichoonekana kiliwahi kusukwa na mikono ya mtu, na kinaweza kusukwa tena.

Zana za uteuzi zilizo rahisi nitazipita haraka. Ile ya kuteua rangi zinazofanana zilizoshikana, inayofunguliwa kwa kubonyeza herufi U kwenye kibodi, na mwenzake wa Shift na O unaokusanya rangi hiyo popote ilipo, hufaa pale tu mteja alipopigwa mbele ya ukuta mweupe usio na kivuli, na hata hapo huacha ukingo wenye meno. Mkasi unaofuata kingo, herufi I, hufanya vizuri kwenye kola ya shati na kwenye kipara, lakini ukifika kwenye nywele hutafuta mstari mahali ambapo mstari haupo. Kwa kiduku kilichochongwa na kinyozi kwa mashine, au kwa wigi la singa lililokatwa sawasawa, zana ya kuzungushia kwa mkono, herufi F, ikiongezewa ulaini wa ukingo wa pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) mbili au tatu, inatosha, na hakuna sababu ya kutafuta njia nyingine.

Zana inayostahili kuelezwa kwa kirefu ni ile ya kuteua kitu cha mbele. Kwanza unazungushia kichwa kizima kwa mkono bila kujali usahihi, ukiacha nafasi kidogo nje ya nywele, kisha unabonyeza Enter. Picha inafunikwa na rangi ya buluu, iliyokolea nje ya mzingo na nyepesi ndani yake. Baada ya hapo unachukua brashi na kupaka katikati ya nywele ili programu ijue kwamba hapo ni nywele bila shaka, unageuza na kupaka sehemu ambazo kwa hakika ni ukuta au kitambaa, na ule ukanda wa kati ambako nywele na ukuta vimechanganyika unauacha kama eneo lisilojulikana. Ukanda huo ndio programu inaoufanyia hesabu. Unywele mmoja ukiwa kwenye picha mara nyingi ni mwembamba kuliko pikseli, hivyo rangi iliyorekodiwa ukingoni si ya nywele tupu wala ya ukuta mtupu, bali ni mchanganyiko wa vyote viwili, na kazi ya zana hii ni kukadiria kila pikseli ina kiasi gani cha nywele. GIMP inakupa injini mbili za makadirio hayo. Mojawapo inabeba jina la Anat Levin, ambaye pamoja na Dani Lischinski na Yair Weiss walichapisha njia hiyo mwaka 2006, nayo ndiyo ninayoiona ikitoa ukingo ulio bora zaidi kwenye nywele. Kasoro yake ni uzito. Kwenye kompyuta mpakato yenye RAM ya gigabaiti 8, picha ya pikseli milioni 24 ikipelekwa nzima hukaa muda mrefu, na wakati mwingine dirisha huonekana kama limeganda. Dawa ni kukikata kwanza kichwa kiwe picha yake ya pembeni, kufanya uteuzi humo, kisha kuurudisha kwenye picha kubwa.

Tatizo la kweli huanza na nywele zetu wenyewe. Mifano mingi ya kufundishia zana hizi huonyesha nywele za singa zinazopeperuka, ambako kila unywele ni mstari unaofuatika. Nywele za kipilipili zilizoachwa zikawa afro hazina mistari hiyo. Ukingo wake ni ukanda wa vitanzi vidogo ambao giza lake hupungua polepole kutoka ndani kwenda nje, na kati ya kitanzi na kitanzi mwanga wa nyuma unapenya. Ukipaka brashi ya nywele karibu mno na ukingo, programu inakupa kofia ngumu. Ukiipaka mbali mno, inatoboa matundu katikati ya afro kana kwamba nywele zimeliwa na nondo. Nimeridhika kwamba jawabu ni kuuacha ukanda usiojulikana uwe mpana kuliko unavyodhani unafaa, karibu robo ya kimo cha nywele, na kuzuia matundu kwa kupaka mabaka makubwa ya ndani mapema. Kwa rasta hali ni nzuri zaidi, kwa sababu kila moja ina unene wake na nafasi kati yao huonekana wazi. Kinachosumbua ni ncha, hasa zile ambazo hazikuchovywa vizuri kwenye maji ya moto zikabaki zimefumuka. Twende kilioni nayo ina shida ya ndani badala ya nje: mistari ya ngozi kati ya msuko na msuko lazima ihame pamoja na nywele, na ngozi hiyo ni ya mtu mwingine. Mteja mweupe kiasi akipewa utosi wa mtu mweusi zaidi, jicho linagundua mara moja hata kama ukingo umekatwa kwa ustadi.

Kwa sababu hiyo fundi asiitegemee zana hiyo peke yake, na hapa ndipo GIMP inapoonyesha thamani yake kwa mtu mwenye subira. Fungua jedwali la chaneli, yaani tabaka tatu za rangi zinazounda picha, zima mbili na ubakize moja moja, uone nyekundu, kijani na buluu zinavyotofautiana. Studio zenye kitambaa cha buluu zina bahati: kwenye chaneli ya buluu kitambaa hung'aa na nywele nyeusi hubaki giza, hivyo umbo zima la kichwa hujitokeza lenyewe, pamoja na vitanzi ambavyo brashi isingeviona. Unainakili chaneli hiyo, unasukuma weusi na weupe wake mpaka kitambaa kikaribie kuwa cheupe kabisa, unaigeuza, kisha unapaka nyeusi juu ya uso na mabega, na nakala hiyo inakuwa uteuzi. Lakini kwenye paji la uso, pale nywele zinapokutana na ngozi, chaneli ya buluu haisaidii, kwa kuwa ngozi yetu nayo ni giza humo. Hamia kwenye nyekundu. Ngozi ya mwanadamu, hata iliyo nyeusi sana, huwa na mwanga zaidi kwenye chaneli nyekundu kuliko kwenye nyingine, wakati nywele nyeusi hubaki nyeusi kote. Vile vinyweleo laini vya ukingoni, ambavyo wasusi huvilaza kwa jeli na brashi ndogo, vinaonekana kwenye nyekundu kimoja kimoja. Njia hiyohiyo hutenganisha mistari ya ngozi ndani ya twende kilioni, ikakuwezesha kuibadilisha rangi ifanane na ya mteja bila kugusa misuko yenyewe. Hivyo uteuzi bora wa kichwa kimoja ni muungano wa chaneli mbili, buluu kwa ukingo wa nje na nyekundu kwa ukingo wa paji la uso. Kwa kusafisha mabaki ya kijivu kwenye maski, yaani ile nakala ya nyeusi na nyeupe iliyogeuzwa kuwa uteuzi, zana ya kung'arisha na kutia giza, Shift na D, ikiwekwa ifanye kazi kwenye sehemu angavu pekee au sehemu za giza pekee, hufuta uchafu wa ukutani bila kula ncha za nywele.

Nitaeleza kazi moja kwa karibu, kwa sababu ina jambo ambalo wateja wengi hawalitarajii. Binti mmoja alikuja na shangazi yake, akiwa na afro kubwa iliyochanwa vizuri, akataka ajione akiwa na twende kilioni zilizoishia kisogoni. Shangazi alitazama skrini kwa muda, kisha akauliza, "Mwanangu, kuweka nywele kubwa juu ya kichwa kidogo naelewa, sasa hizi kubwa utazipeleka wapi?" Nikamjibu, "Shangazi, hapo ndipo kazi ilipo." Na kweli ndipo ilipo. Kuongeza nywele ni kufunika. Kupunguza ni kufunua kitu ambacho kamera haikukiona. Nyuma ya afro hakuna kitambaa kilichorekodiwa, masikio yamefichwa nusu, na umbo la fuvu halijulikani. Ililazimu nimpige binti picha nyingine akiwa amezibana nywele kwa kitambaa cha kichwani, nichukue humo masikio na mstari wa fuvu, nijaze mandhari kwa zana ya kunakili, herufi C, na ile ya kuponya, herufi H, ndipo misuko ipate pa kukaa. Shangazi alipoona masikio ya binti yametokea alicheka akasema sasa ni yeye. Kwa hiyo ushauri wangu kwa studio yoyote ni kumpiga mteja kwanza nywele zikiwa zimebanwa. Picha hiyo moja huokoa saa nzima ya kukisia.

Kwenye upandikizaji wenyewe GIMP ni nzuri. Shift na T inaleta zana moja inayokuza, kuzungusha na kuinamisha kwa pamoja, na herufi W inaleta brashi ya kusukuma pikseli, ambayo kwa mguso mwepesi hulaza nywele zifuate umbo la kichwa kipya. Toleo la 3.0 limeongeza mambo mawili ambayo kwa kazi hii ni makubwa. La kwanza ni kuteua leya kadhaa, yaani tabaka za picha zinazopangwa moja juu ya nyingine, kwa pamoja, hivyo nywele, kivuli chake cha paji la uso na kivuli cha shingoni vinasogea na kukuzwa kama kitu kimoja. La pili ni kwamba marekebisho ya rangi na vichujio yanaweza kubaki juu ya leya bila kuiharibu, na ukirudi kesho unayafungua na kuyabadilisha. Anayefanya kazi na mteja anayesema "punguza kidogo wekundu, hapana, rudisha" atalithamini jambo hilo.

Mahali ambapo GIMP inashindwa wazi na Photoshop ni rangi ya ukingoni. Photoshop ina dirisha la kusahihisha uteuzi lililoanza mwaka 2016, na ndani yake kuna namna ya kuondoa rangi ya mandhari ya zamani iliyonasa kwenye nyuzi za nywele. Tangu mwaka 2020 kuna hata kitufe maalumu cha nywele. GIMP hukupa uteuzi tu. Nywele zilizotolewa mbele ya kitambaa cha buluu zinakuja na utando wa buluu, na ukiziweka mbele ya ukuta wa krimu utando huo unapiga kelele. Tiba ipo lakini ni ya mkono: funga uwazi wa leya ili brashi isiweze kupaka nje ya nywele, chukua rangi ya nywele kutoka sehemu ya ndani, kisha pita ukingoni kwa brashi laini yenye nguvu ndogo. Ikiwa nywele zilipigwa mbele ya ukuta mweupe na picha mpya ina mandhari angavu, kuna njia fupi zaidi: nakili leya ya nywele, iweke katika hali ya kuzidisha, na weupe wote utatoweka wenyewe, ukiacha nyuzi zilizo nyembamba mno kuteuliwa na zana yoyote. Sehemu ya ndani ya nywele inafunikwa na leya yenye maski, na ukingo unabaki wa ile ya kuzidisha. Kwa nywele nyeusi matokeo yake ni mazuri kiasi kwamba huwa naanza nayo kila mandhari inaporuhusu.

Kasoro nyingine inahusu zana ya kitu cha mbele. Ukishabonyeza Enter mara ya mwisho, mipako yote uliyoipaka inapotea, na ukigundua sikio limeachwa nje unaanza upya. Jizoeze kuhifadhi uteuzi kama chaneli papo hapo, kisha urekebishe kwa maski ya haraka, Shift na Q, ambayo hugeuza uteuzi kuwa kitu cha kupakwa kwa brashi. Nayo majina ya zana na menyu yanamtaka mwanafunzi avumilie, na ndiyo sababu kwa vijana wanaojifunza hapa studio naanza na herufi za kibodi.

Hakuna zana ya uteuzi itakayosahihisha mwanga usiolingana, na Kigoma ina mtego wake. Jua letu linazama ziwani, upande wa Kongo, na wapendwa wetu wanapenda kupigwa jioni wakiwa na Tanganyika nyuma yao. Ni picha nzuri mno. Lakini mwanga unaotoka nyuma huzizungushia nywele mstari wa dhahabu, na nywele hizo ukizipandikiza kwenye picha ya studio iliyomulikwa kutoka mbele, mstari ule unabaki ukishuhudia kwamba si za mahali pale. Picha zilizopigwa chini ya miembe, kama zile za kwenye kumbukumbu ya Livingstone kule Ujiji, zina shida tofauti: majani na matundu ya mwanga kati yake hufanana kwa ukubwa na vitanzi vya nywele, na injini ya makadirio inachanganyikiwa. Kabla ya kufungua zana yoyote, linganisha vivuli vya chini ya pua kwenye picha zote mbili. Vikielekea upande mmoja, endelea. Vikipingana, jaribu kuigeuza picha ya nywele kushoto kulia, na kama msuko una upande wake maalumu, tafuta picha nyingine.

Nywele hizo nazo zina mwenyewe. Picha ya mrembo iliyookotwa mtandaoni ni kazi ya mpiga picha fulani, inayolindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake binafsi, jambo ambalo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, imelitilia mkazo. Kwa picha za pasipoti na vitambulisho kazi hii isifanywe kabisa, hata mteja akisihi kwamba atasuka hivyohivyo kesho. Kwa mabango na majaribio ya mitindo, kitakachoipa GIMP nafasi ya kufanya kazi yake vizuri ni studio na saluni kushirikiana: kila anayetoka kusukwa na akakubali kwa maandishi, aketishwe mbele ya kitambaa kilekile, kwa taa ileile, apigwe uso ukitazama mbele, kisha kulia, kisha kushoto, na faili lihifadhiwe kwa ukubwa wake wote likiwa na jina la mtindo badala ya jina la mtu. Anayetaka kuijaribu programu hii aanze kwa kuandaa maktaba ya namna hiyo wakati bado anasubiri bando la kuipakua.